Maua ya Kumrudisha Mama

2 Machi

"Maua hayamrudishi mtu nyumbani. Kufuli ndilo linalomrudisha."

Maneno hayo kaka yangu ameniandikia leo kwenye simu, kwa herufi kubwa zote, kama tangazo la mnada. Nimewahi kubishana na wakubwa wa serikali, na maprofesa, na mhariri wangu kila Jumanne, lakini sijakutana na sentensi fupi yenye makosa mengi namna hii. Kufuli halimrudishi mtu. Kufuli humzuia asitoke, na ambaye hakutoka hawezi kusemwa amerudi. Kuku aliyefungiwa bandani hakurudi nyumbani, amefungiwa bandani. Mtu akitaka kumfungia mama yake ndani na aseme hivyo, asijifiche nyuma ya neno zuri.

Sasa niandike mambo kwa mpangilio, maana hasira hunirukisha hatua.

Mama ana miaka sabini na nane. Kwa miaka thelathini na mmoja alipanga barua posta, na alikuwa akizijua namba za mji huu kuliko waliozigawa. Namba sasa zimemtoka. Majina yanamtoka. Rangi bado anazo. Kila siku saa tatu asubuhi anachukua mkoba wake mweusi, anatoka, anazunguka mitaa mitatu, anarudi. Nyumba zetu ziko ishirini na nne, zimejengwa kwa ramani moja, ukuta mmoja, geti moja la kijivu. Yetu aliitambua kwa maua mekundu yaliyokuwa chini ya ukuta, upande unaopigwa jua kutwa.

Hilo nililijua kwa njia mbaya. Mwaka jana maua yale, ambayo yalikuwa ya msimu mmoja tu, yalikauka yote kwa wiki moja. Nikayang'oa, nikaacha udongo mtupu. Kesho yake Mama akalipita geti letu kama geti la watu baki. Alipatikana baada ya kutafutwa kwa saa sita nzima, ng'ambo ya barabara ya malori, kando ya mtaro mkubwa, viatu mkononi.

Kupaka geti rangi nimejaribu. Nililipaka nyekundu ya kuumiza macho. Hakuliona, kwa sababu mgongo umemwinamisha na macho yake hutembea chini, usawa wa goti. Kumfuata pia nimejaribu. Siku ya nne aligeuka akapiga kelele za mwizi, na vijana wawili wa gereji wakanikamata mkono mpaka fundi wao aliponitazama vizuri akasema, "Mwacheni, huyu si mwizi. Huyu ni yule mama anayefoka gazetini."

Kaka ni mfamasia. Ana duka la dawa upande wa pili wa mji na huja Jumamosi. Tumekubaliana hivi: nina muda mpaka mwisho wa Juni. Mama asipopotea, geti linabaki wazi na hatalitaja tena kufuli. Akipotea hata mara moja, kufuli linafungwa na mimi ndiye sitaongea tena. Ameandika mwishoni: "Umekubali, Mheshimiwa?" Nimejibu kwa herufi ndogo kwamba nimekubali.

Kwa hiyo nahitaji maua mekundu, ya kudumu mwaka hadi mwaka, yanayostahimili jua kali, na yasiyoacha hata siku moja bila ua. Nimeshasoma vitabu vitatu.

5 Machi

Mzunguko wa Mama: dakika 40. Ukuta uko mtupu, kwa hiyo nilisimama getini nimevaa gauni jekundu. Majirani wanadhani nina sherehe.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye kitalu cha maua karibu na tangi la maji. Mwenyewe ni mwanamke mfupi, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Wote humwita Bi Kitalu.

"Nataka maua mekundu," nikamwambia. "Ya kudumu, ya jua la kutwa, yanayochanua muda mrefu bila kupumzika."

"Na mume asiyekoroma hutaki?"

Nikamwonyesha orodha yangu ya aina kumi na moja. Akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kitabuni."

"Hicho kitabu kimepandwa kwenye jua gani, bibie?"

"Kitabu hakipandwi."

"Basi ndiyo maana hakijui." Akanirudishia. "Sikiliza. Watu huja hapa siku moja, wanachukua kilichochanua siku hiyo, wanaenda zao wamefurahi. Vyote vimechanua pamoja, vitanyamaza pamoja. Wewe njoo mara tatu. Sasa, mvua ikichanganya, na mvua ikikatika. Kila mara chukua kinachochanua wakati huo. Ndipo utapata ukuta usiolala."

Nilimwambia sina muda wa kuja mara tatu. Nilikuwa nimekwisha kuona gazania: maua mekundu mapana kama visahani, yamejiachia juani bila aibu. Nikachukua miche ishirini. Nikachukua salvia nyekundu kumi. Yeye akaniongezea kwa nguvu miche sita ya gailadia, ambayo haikuwa na ua hata moja, majani tu yenye vinyweleo.

"Hayo sitaki, hayana kitu."

"Beba. Hata wewe hukuzaliwa unaandika."

6 Machi

Nimepanda. Mgongo unaniuma. Dakika 38.

12 Machi

Dakika 40. Gazania zote zimefunguka. Mama alifika getini, akasimama, akazigusa kwa ncha ya kiatu, akasema, "Hapa ndipo," akaingia. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nilikunywa chai yangu ikiwa bado moto.

Nikaipiga picha gazania moja na kumtumia Kaka. Hakujibu.

21 Machi

Asubuhi wingu zito, mvua haijaanguka. Mama alitoka saa tatu na dakika nne. Nilikuwa dirishani, makala yangu mbele yangu, kalamu mkononi. Saa tatu na dakika arobaini nikamwona anakuja kutoka kona ya juu, polepole, macho chini. Akafika kwetu. Akapita.

Akapita! Nikaangusha kiti. Nilipotoka getini nikatazama chini na nikaelewa: hakukuwa na ua hata moja. Gazania zote ishirini zilikuwa zimefumba, zimejikunja kama mwavuli, unaona mgongo wa petali tu, kijani na kahawia. Gazania hufunguka kwa jua. Jua lisipotoka, nalo ua halitoki. Kitabu cha pili kilikuwa kimesema hivyo, ukurasa wa mia na nne, chini kabisa. Niliupita.

Nilimkuta kwenye kona ya chini, amesimama ukingoni mwa barabara ya malori, amekumbatia mkoba. Lori lilipita, gauni lake likapepea.

"Mama, twende nyumbani."

"Wewe nani?"

"Ni mimi mwanao."

Akanitazama sana. "Mwanangu ana kelele," akasema. "Wewe umepoteza pumzi."

Nilimshika mkono, naye akanifuata kwa hisani, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Je, huko ni kupotea? Nimelipima swali hilo mchana kutwa. Kupotea ni kutopatikana, naye alipatikana ndani ya dakika sita. Kwa hoja hiyo hakupotea, na kwa hoja hiyo hakuna sababu ya kumwambia Kaka. Ni hoja nzuri. Ningeisoma kwenye gazeti la mtu mwingine ningeichana vipandevipande.

23 Machi

Kaka alikuja. Akauliza, "Wiki imekwendaje?" Nikasema vizuri. Mama akacheka peke yake, nami nikadhani ananiumbua, lakini alikuwa anacheka kijiko.

25 Machi

Nimerudi kwa Bi Kitalu kabla ya wakati wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Gazania ni ua la kiburi," akasema. "Halifunguki kwa kila mgeni. Liweke mbele kwa siku za jua, ila usiliegemee. Ile salvia vipi?"

"Imejaa majani. Ndefu, nene, kijani kibichi. Ua hakuna."

"Umeipa nini?"

"Samadi. Debe moja kila mche."

Akaweka mikono kiunoni. "Debe! Mama, hiyo salvia umeifanya mwali wa ndani. Inakula, inalala, inanenepa, kwa nini ijisumbue kuchanua? Punguza mbolea. Punguza maji. Iache ione shida kidogo."

Nilitoka na salvia nyingine sita zilizoonja shida, zimechanua kwa hasira. Nimezipanda kati ya gazania. Dakika 41.

2 Aprili

Mvua imechanganya. Dakika 40. Salvia hazijali wingu.

3 Aprili

Dakika 39.

7 Aprili

Leo niliona maua ya chini ya salvia yamenyauka. Kitabu kinasema uyakate. Bi Kitalu anasema hivyohivyo, ila yeye ameeleza sababu: "Ua likishapata mbegu linaona kazi imekwisha. Linyime mbegu, litaendelea kujaribu." Sasa kila asubuhi saa mbili na nusu nakaa kwenye kigoda na mkasi wa kushonea wa Mama, nakata kila kichwa kilichonyauka kabla hajatoka. Kidole cha shahada kimeota sugu upande usio wa kalamu.

10 Aprili

Makala yangu imetoka. Kichwa: "Mtaa Uliojipiga Saruji." Kwenye nyumba zetu ishirini na nne, kumi na saba wameumwagia zege ukanda wa mbele wapate pa kusimamisha gari, na kati ya hao kumi na saba wenye gari ni watano. Nimeandika kuhusu joto linalorudi kutoka kwenye saruji hadi dirishani, kuhusu maji ya mvua yasiyo na pa kuzama, kuhusu nyuki. Nimetaja gailadia na salvia kwa jina. Nimemtaja, bila kumtaja, mwoka mikate wa nyumba ya nne, ambaye amemwaga zege mpaka kwenye kiti cha kupumzikia kilicho nyuma ya nyumba. Mtaani humwita Bwana Saruji na mwenyewe huitika.

Dakika 40.

14 Aprili

Nilidhani Bwana Saruji amekuja kugombana. Alisimama getini, unga bado kwenye nyusi, maana huoka usiku na kulala asubuhi.

"Dada, umenitukana gazetini."

"Sikutaja jina."

"Umetaja kiti changu. Mke wangu amekata kile kipande cha gazeti, amekibandika jikoni." Akakuna shingo. "Sasa nimevunja zege. Nipe hayo maua."

Niliikata salvia vipandikizi kumi na viwili mbele yake. Nilimfundisha kupanda, nikamhutubia nusu saa juu ya joto la saruji, naye akasikiliza kwa heshima huku amelala kwa jicho moja. Baada yake walikuja wengine wanne. Mtu akikuomba mche humnyimi. Mche wa kunyimana hauoti.

Miaka ishirini na sita naandika, na hii ni mara ya kwanza mtu kuvunja zege kwa sababu yangu. Nilimpigia Kaka kumweleza. "Hongera, Mheshimiwa," akasema. "Mama amekunywa dawa?"

2 Mei

Gailadia zimechanua. Zile sita zisizo na kitu! Nyekundu iliyoiva na pindo la njano, na hazifumbi, wala hazijali mvua wala jua. Mama alisimama mbele yake muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma ya geti, nachungulia.

"Hapa ndipo," akasema. Dakika 43, ila tatu za kutazama.

9 Mei

Dakika 40. Mvua.

10 Mei

Dakika 40. Mvua.

18 Mei

Kaka alikaa kwenye kigoda changu, akachukua mkasi bila kuombwa, akaanza kukata vilivyonyauka. Ana mikono ya kupima dawa, hakosei. Nilitafuta la kumkosoa.

"Unakata karibu mno na jani."

"Nakata pale ulipokata wewe."

Baadaye akasema, bila kuinua kichwa, "Majirani wanajua hali ya Mama?"

"Kwa nini wajue? Wanadhani ni mtu wa mazoezi. Wanamsifu."

"Hukuwaambia."

"Kaka, mtu akijulikana kuwa amepotewa na akili, watu huanza kuongea mbele yake kama vile yeye ni kabati. Sitaki Mama awe kabati."

Hakubisha. Hilo si kawaida yake.

27 Mei

Dakika 36. Kwa nini 36?

30 Mei

Dakika 51. Nilikuwa nimeshavaa viatu alipotokea. Nilimwuliza alikuwa wapi. "Kuna kazi nyingi," akasema.

3 Juni

Mvua imekatika. Nilikwenda kwa Bi Kitalu kwa zamu ya tatu. Akacheka aliponiona. "Umenimalizia nyekundu zote! Watu wanakuja na gazeti mkononi. 'Nipe kama ya yule mama.' Sina tena hata mche."

Nilirudi kwa miguu, kichwa juu. Mtaa mzima umevunja zege na kupanda. Nyumba ya pili salvia, ya nne salvia safu mbili, ya tisa gailadia, ya kumi na moja zote mbili. Nyekundu kutoka kona hadi kona. Nilisimama katikati ya barabara kama jenerali.

Nimeongeza baadaye, 16 Juni: Mungu anisamehe. Nilisimama pale, nikatazama, na sikuona.

8 Juni

Dakika 34. Aliingia akiwa amekunja uso, akaniuliza, "Nyumba zote hizi ni za nani?"

Ni ugonjwa unaongea.

14 Juni

Naandika kwa vipande.

Alitoka saa tatu na dakika mbili. Jua kali. Gazania zimefunguka zote, salvia zimesimama, gailadia zimejaa. Ukuta haujawahi kupendeza vile. Saa tatu na arobaini, hayupo. Saa tatu na hamsini, hayupo. Saa nne nikatoka mbio kuelekea barabara ya malori, maana hofu yangu inaijua njia ile. Nikauliza gereji. Nikauliza wauza vocha. Nikavuka hadi mtaroni. Nikarudi. Saa nne na nusu nikampigia Kaka, na sauti niliyoisikia ikitoka kinywani mwangu sikuitambua.

Alifika na koti jeupe la dukani. Hakunilaumu. Aliuliza, "Umetafuta wapi?"

"Kila mahali. Barabarani, mtaroni, kituoni."

Akasimama getini kwetu. Akatazama chini kwenye maua yetu. Kisha akainua macho taratibu akaufuata mtaa, nyumba baada ya nyumba, nyekundu baada ya nyekundu, nami nikayafuata macho yake: kila geti lilikuwa kama letu.

"Hajapotea," akasema. "Yeye anajua amefika. Aliyefika hatembei tena. Tutafute ndani ya mageti."

Akaanza na ya pili. Mimi nikaenda ya tisa, nikapiga geti kwa jiwe. Saa tano na dakika ishirini nikamsikia ananiita kutoka ya nne.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba ya Bwana Saruji, kwenye kile kiti, juani, juu ya zege lililobaki. Huko nyuma hakuna kivuli asubuhi. Vibanio vya nguo vyote alikuwa amevianua kwenye kamba na kuvipanga mapajani kwa rangi, bluu na bluu, kijani na kijani, kama barua. Midomo imepasuka. Uso umekauka, hauna hata jasho. Kaka alikuwa amepiga magoti, anamwekea maji kwa kizibo cha chupa, kidogo, kidogo, ananong'ona hesabu. Koti lake jeupe amemfunika kichwani.

"Hapa ndipo," Mama akasema aliponiona, kwa sauti ya karatasi.

Bwana Saruji alitoka ndani na usingizi wake, singlendi na bukta. Akatuona. Akajishika mdomo. Alikuwa amelala hatua nane kutoka pale, nyuma ya ukuta, muda wote.

15 Juni

Daktari amesema figo hazikuguswa. Nusu saa zaidi, akasema, asingependa kuikadiria. Yuko nyumbani. Analala.

16 Juni

Kaka amelala kwetu siku mbili. Asubuhi aliweka kufuli mezani, bado liko kwenye pakiti yake, na mbele yake akaweka kikombe changu cha chai. Nilimwambia ukweli wa tarehe 21 Machi, ukingo wa barabara ya malori. Niliusema wote.

Aliigeuza pakiti mkononi.

"Mwaka jana," akasema, "wewe ulitafuta barabarani. Ulikuwa unatazama watu, unauliza. Mimi nilishika mtaro. Nilitembea kilomita mbili natazama majini. Kila mfuko mweusi uliokuwa unaelea niliushukia. Unajua nilishukia mifuko mingapi?"

Mwaka mzima nimemwita askari jela, kwa maandishi na kwa mdomo, na hakuna siku niliyomwuliza alitafuta upande gani.

"Kalifunge wewe," akasema. "Ulikubali."

Nilikubali. Nilichukua kufuli nikaenda getini. Nilipokuwa nahangaika na pakiti, nikasikia kandambili nyuma yangu. Mama, kadhoofu, mkoba mweusi begani.

"Fundi," akaniambia, "fungua nipite, nimechelewa."

Nikafungua. Nani angeweza kumfungia? Alikwenda hatua kumi, akachoka, Kaka akamletea kiti, tukakaa naye barabarani kama watu wanaosubiri basi. Alituuliza kama tumeoana. Kaka akasema, "Mungu apishe mbali," na Mama akacheka mpaka akakohoa.

Tulipomrudisha ndani Kaka alishika geti. "Nakupa mpaka Jumapili ijayo. Si kwa sababu umeshinda."

17 Juni

Nilikwenda kwa Bwana Saruji nimejiandaa kwa vita. Nilitaka ang'oe salvia zake zote papo hapo. Alinisikiliza, amesimama mlangoni, kisha akasema maneno ambayo hakuna mpinzani aliyewahi kunipiga nayo:

"Dada, ulinipa vipande kumi na viwili. Ulinihutubia nusu saa. Joto la saruji, maji ya mvua, nyuki. Hukuniambia neno moja juu ya mama yako."

Nikazitazama salvia zake.

"Ningejua," akasema, "ningelala mlango wazi. Mke wangu halali tangu siku ile. Mama wa mtu anakauka nyuma ya ukuta wangu, mimi nakoroma."

Ana haki. Nilikuwa na sababu moja tu ya kupanda maua haya, na niliwapa watu sababu zote nyingine. Niliita kumlinda Mama asiwe kabati. Ilikuwa aibu yangu mimi, mwanamke mwenye neno kwa kila jambo, kuwa na mama asiyekumbuka jina langu.

18 Juni

Mama yuko ndani, anauliza mkoba uko wapi. Nimeuficha. Kaka hakunituma.

Bi Kitalu amenisikiliza tena. Anayo gailadia ya njano tupu, salvia ya bluu, na gazania za machungwa na nyeupe. Zote za kudumu, zote za jua, zote zitachanua hadi mvua nyingine na zaidi zikikatwa vichwa. Atatuletea kwa mkokoteni Ijumaa. "Na nyekundu zao usiwaambie wazitupe," akasema. "Nitazichukua mimi. Hazina kosa."

19 Juni

Ukurasa huu nitaunakili kwa mkono mara ishirini na tatu na kuupitisha chini ya kila geti leo jioni.

Majirani zangu wa nyumba ishirini na tatu: yule mama mnayemwona kila asubuhi na mkoba mweusi hafanyi mazoezi. Ni mama yangu, amepotewa na kumbukumbu, na nyumbani kwake anapajua kwa maua mekundu tu. Mimi ndiye niliyewashawishi mpande nyekundu, na kwa hilo nusura nimwue. Nawaomba radhi, kisha nawadai.

Nyumba ya pili, ya nne, ya tisa, ya kumi na moja, na nyingine zote mlionisoma mkavunja zege: ng'oeni kila ua jekundu lililo mbele ya geti lenu kabla ya Jumamosi jioni. Msirudishe saruji. Miche ya njano, bluu, nyeupe na machungwa itakuwa mlangoni kwangu Ijumaa. Chagueni, na nitakuja kuipanda mwenyewe kwa asiye na nafasi. Nyumba ya kona ya chini, ninyi mnaotazamana na barabara ya malori: mkimwona anapita mbele yenu, mwiteni mumwombe awasaidie kupanga kitu chochote. Atakuja. Na ninyi nyote, mkimkuta ndani ya geti lenu, msimwambie amekosea nyumba. Mpeni kiti kivulini, mpeni maji kidogo kidogo, mpigieni kaka yangu au mimi. Namba zetu ziko nyuma ya karatasi hii.

Kaka, nakala yako ni ya ishirini na nne. Kufuli liko kwenye pakiti, juu ya kabati la jikoni. Usiliguse kabla ya kukaa nami dirishani.

Jumapili, saa tatu asubuhi, atatoka. Kila mmoja wenu asimame getini kwake mpaka Mama afike kwenye nyekundu yetu.